Miti ya mihogo Tabora: Nani alipie kipimo cha kirusi?

Kila mwaka mvua za Novemba zinapokaribia, biashara isiyo na ghala wala mizani hufufuka katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Tabora, Kipalapala kikiwa kimojawapo. Ni biashara ya miti ya mihogo. Mafungu hufungwa kwa kamba, hupakiwa kwenye baiskeli, pikipiki na juu ya mizigo ya malori, kisha huuzwa au kugawiwa ndugu na jirani kwa ahadi ya kurudishiwa msimu ujao. Mnunuzi huangalia unene wa mti, huhesabu macho yake, na hukwaruza gome kuona kama utomvu bado upo. Kitu kimoja hawezi kukiona hata akiwa na miaka 40 katika kilimo: kirusi kilichomo ndani ya mti huo.

Maabara inaweza kukiona. Tangu miaka ya 2000 watafiti wa Tanzania wamekuwa wakitumia vipimo vya vinasaba kutambua virusi vya mihogo, na baadhi ya kazi hiyo imekuwa ya kiwango cha juu katika Afrika. Lakini kati ya kipimo hicho na fungu la miti lililofungwa kwenye baiskeli ya mkulima wa Kipalapala, pana pengo ambalo sayansi peke yake haiwezi kuliziba. Pengo hilo ni la gharama, na la kujua nani anafaidika na kipimo na nani anapaswa kukilipia.

Njia ya misafara, njia ya magonjwa

Wengi nchini wanaijua Kipalapala kwa seminari yake kuu na kwa uchapaji wa vitabu vya Kanisa. Kwa mfanyabiashara, eneo hili ni sehemu ya njia panda kongwe. Tabora, iliyowahi kuitwa Kazeh, ndipo misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo ilipogawanyika, mingine ikielekea Ujiji na mingine ikipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Reli ya kati ilifika mjini hapo mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Leo mkoa unapakana na Shinyanga, Geita, Kigoma na Katavi, na barabara za lami zimeurudishia umuhimu wake wa zamani.

Mhogo wenyewe ni msafiri. Asili yake ni Amerika Kusini, Wareno wakauleta Afrika, na ukaenea bara kwa kupita mikononi mwa watu. Tofauti na mahindi, haukupandwa kwa punje. Ulisafiri kwa miti, na miti hubeba kila kilichomo ndani yake. Miembe iliyobaki kando ya njia ya misafara ni ushahidi unaoonekana wa mbegu zilizosafirishwa na wapagazi. Virusi haviachi ushahidi wa namna hiyo, lakini tabia ya kusafiri ni ileile.

Magonjwa mawili ndiyo yanayomuumiza zaidi mkulima wa mihogo Afrika Mashariki. La kwanza ni batobato, ambalo Mjerumani Warburg aliliandika mwaka 1894 kutokana na mihogo ya Usambara. Majani machanga hujikunja na kuwa na mabaka ya kijani na njano, mmea hudumaa na mizizi huwa midogo. La pili ni michirizi ya kahawia, lililoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na H. H. Storey, mtafiti wa kituo cha Amani, wilayani Muheza. Hili ni la hila zaidi. Majani ya chini huwa na njano inayofuata mishipa, ishara ambayo wengi huidhania kuwa ni uzee wa jani, na wakati mwingine shina huwa na michirizi. Juu ya ardhi mmea unaweza kupendeza kabisa. Mkulima anapong'oa na kukata ndipo anapokutana na uozo mkavu wa rangi ya kahawia uliotawanyika ndani ya mzizi. Kipande hicho hakifai kuliwa, hakifai kwa udaga, na mnunuzi hakitaki.

Kwa miongo kadhaa iliaminika kuwa michirizi ya kahawia ni tatizo la pwani na kandokando ya Ziwa Nyasa, chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Imani hiyo ilivunjika mwaka 2004 ugonjwa ulipoonekana Uganda katika maeneo yaliyo juu ya mita hizo, na baadaye ukaenea katika nchi zinazolizunguka Ziwa Viktoria, ikiwamo Kanda ya Ziwa ya Tanzania. Tabora ipo karibu mita 1,200. Kinga ya mwinuko ambayo wazee waliitegemea haipo tena.

Hapa pana jambo ambalo mkulima na mchuuzi wanapaswa kulishika, kwa kuwa ndilo linalobeba hoja yote ya kiuchumi. Magonjwa yote mawili huenezwa na nzi weupe, wale wadogo wanaoruka jani likitikiswa. Lakini kirusi cha michirizi ya kahawia hakikai muda mrefu ndani ya nzi. Nzi akishakinyonya, uwezo wake wa kukiambukiza huisha baada ya muda mfupi, tofauti na kirusi cha batobato ambacho hukaa naye kwa siku nyingi. Kwa hiyo nzi hukipeleka michirizi ya kahawia kutoka shamba hadi shamba jirani. Safari ya kilomita 100 au 300 inafanywa na binadamu mwenye fungu la miti. Ugonjwa ukionekana katika kijiji kilicho mbali na mashamba yenye ugonjwa, kuna mtu aliyeulipia nauli.

Kipimo kinafanyaje kazi

Walioishi kipindi cha UVIKO-19 wamelisikia neno PCR, hasa waliosafiri nje ya nchi mwaka 2020 na 2021. Kipimo cha mihogo ni ndugu wa kipimo kile. Kila kiumbe, hata kirusi, kina maandishi yake ya urithi yasiyofanana kabisa na ya kingine. Mtaalamu huandaa vipande vifupi vya vinasaba vinavyoshikana na maandishi ya kirusi anachokitafuta tu. Jani husagwa, vinasaba vyake husafishwa na kuwekwa katika kijibomba pamoja na kimeng'enya. Mashine hupandisha joto hadi nyuzi 95, hulishusha hadi karibu 55, kisha hulipandisha tena hadi 72, na kurudia. Kila mzunguko kipande kinachotafutwa huongezeka maradufu. Baada ya mizunguko 30, kipande kimoja kimezaa zaidi ya bilioni moja, na sasa kinaonekana. Kama kirusi hakikuwamo, hakuna kilichozaliana.

Mbinu hii iliyobuniwa na Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983 ilimpatia Tuzo ya Nobel miaka kumi baadaye. Katika mihogo ya Afrika Mashariki imekwisha kufumbua mafumbo mawili makubwa. Mwaka 1997, uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kuwa batobato kali iliyokuwa ikiteketeza mashamba ya Uganda ilisababishwa na kirusi kilichozaliwa kwa kuungana kwa aina mbili za virusi vya batobato. Ugonjwa huo ulivuka hadi Kagera mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990. Fumbo la pili lilikuwa la michirizi ya kahawia. Sehemu ya kwanza ya vinasaba vya kirusi chake ilisomwa mwaka 2001, na kufikia mwaka 2010 watafiti, akiwamo Mtanzania Deusdedith Mbanzibwa, walikuwa wameonyesha kuwa ugonjwa mmoja unasababishwa na virusi vya aina mbili. Maana yake kwa mnunuzi wa mbegu ni ya vitendo: kipimo kinachotafuta aina moja tu kinaweza kuupitisha mti wenye aina ya pili, na cheti kikawa halali huku mti ukiwa mgonjwa.

Ugumu mwingine ni wa aina ya kirusi. Vinasaba vya batobato ni DNA, ambayo ni imara. Vya michirizi ya kahawia ni RNA, ambayo huharibika upesi jani likikaa kwenye joto, na ni lazima igeuzwe kuwa DNA kabla ya kupimwa. Jani lililochumwa Kipalapala Jumatatu, likafungwa kwenye mfuko wa plastiki na kusafiri zaidi ya kilomita 800 hadi Dar es Salaam, linaweza kufika likiwa limeoza na kutoa jibu la uongo la "safi". Mwaka 2005 mtafiti Joseph Ndunguru na wenzake walichapisha njia ya kulikandamiza jani kwenye karatasi maalum inayoshika vinasaba vyake, hata sampuli ikaweza kusafirishwa bila barafu. Teknolojia ya namna hiyo, isiyohitaji jokofu wala gari la mradi, ndiyo inayofaa kwa mkoa kama Tabora, ingawa haina mvuto wa mashine mpya.

Mashine mpya nazo zipo. Mwaka 2018, watafiti wa Tanzania, Kenya na Uganda, Ndunguru akiwa miongoni mwao pamoja na Laura Boykin, walibeba hadi mashambani kifaa cha kusoma vinasaba kiitwacho MinION, ambacho kinatosha mfukoni mwa shati na huendeshwa kwa betri. Chini ya mti, kando ya shamba, walipata majibu kwa saa badala ya miezi ambayo sampuli zilizopelekwa ng'ambo zilikuwa zikichukua. Mkulima mwenye shamba aliambiwa siku hiyohiyo mihogo yake ina nini. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2019 na ilistahili sifa iliyopata. Lakini kusoma vinasaba vyote vya sampuli ni ghali, na vitendanishi huagizwa nje kwa fedha za kigeni. Ni chombo cha kutambua ugonjwa mpya unapoingia nchini. Kwa ukaguzi wa kila siku wa mbegu ni sawa na kukodi lori la tani 30 kubebea debe la karanga.

Kati ya hivyo viwili ipo mbinu iitwayo LAMP, iliyobuniwa Japani mwaka 2000. Haihitaji kupandisha na kushusha joto, kwani hufanya kazi kwa joto moja la nyuzi 60 hadi 65, na ndani ya saa moja rangi ya kijibomba hubadilika kama kirusi kipo. Udhaifu wake ni kwamba ni nyepesi mno kuchafuliwa. Tone dogo la sampuli ya jana likiingia katika ya leo, shamba safi litahukumiwa.

Simu ya mkononi nayo imeingia uwanjani kupitia programu ya PlantVillage Nuru, inayotambua dalili za magonjwa kwa kamera bila kuhitaji intaneti shambani. Inafaa, na ni bure. Hata hivyo inaona kile ambacho jicho la mtaalamu lingeona, yaani dalili. Mti ulioambukizwa mwezi uliopita ambao haujaonyesha dalili unaipita.

Hesabu ya ekari moja

Wadau wa kilimo hupenda kusema kwamba huduma ya maabara imfikie kila mkulima. Hesabu zinasema vingine, na ni vema zikafanywa wazi. Takwimu za bei katika mfano huu ni za kukadiria tu ili kuonyesha mwelekeo. Anayetaka anaweza kuweka bei za kwake.

Ekari moja ya mihogo iliyopandwa kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja huchukua miche 4,000 hivi. Kupima miche yote haiwezekani. Ipo kanuni ya takwimu isemayo kwamba ukichukua mimea 300 bila upendeleo kutoka pande zote za shamba na usikute hata mmoja mgonjwa, unaweza kuamini kwa asilimia 95 kwamba wagonjwa shambani hawazidi asilimia moja. Majani ya mimea 10 yanaweza kuchanganywa katika kijibomba kimoja, hivyo vipimo vinakuwa 30. Ikikadiriwa kila kimoja kinagharimu Sh20,000, jumla ni Sh600,000.

Mkulima wa chakula anayetaka kupima ekari yake kabla ya kuendelea na mbegu yake mwenyewe, atakuwa ameongeza Sh150 kwa kila mche. Hakuna mkulima wa Uyui au Sikonge mwenye akili timamu atakayefanya hivyo, na asishauriwe kufanya hivyo.

Sasa ikiwa ekari hiyohiyo ni ya mzalishaji wa mbegu, mambo yanabadilika. Kila mche uliokomaa ukitoa pingili 10, ekari yake inatoa pingili 40,000, za kutosha kupanda ekari 10. Gharama ya kipimo inashuka hadi Sh15 kwa pingili. Mteja anayepanda ekari moja ataongeza Sh60,000 juu ya bei ya kawaida. Je, inalipa? Ikiwa shamba lake lingetoa tani tatu za mihogo mibichi, na kilo moja ni Sh150, anahitaji kuokoa kilo 400, yaani asilimia 13 ya mavuno, ili fedha hiyo irudi katika msimu mmoja. Katika eneo ambako michirizi ya kahawia imeshamiri, hasara ya robo ya mavuno si ajabu, nayo ni kilo 750 zenye thamani ya Sh112,500. Hapo kipimo kinalipa. Katika kijiji ambako ugonjwa bado ni wa nadra na hasara ni chini ya sehemu moja ya kumi, mkulima anayekataa kuongeza Sh60,000 yuko sahihi kwa mfuko wake wa mwaka huu.

Lakini mkulima huyo ndiye mlango. Akipanda mti mgonjwa ulioletwa kutoka mbali, hasara yake yeye inaweza kuwa ndogo mwaka wa kwanza, huku akiwa amewafungulia majirani wote ugonjwa ambao nzi weupe wataumalizia. Hasara hiyo ya majirani haimo katika hesabu yake, na ndiyo sababu soko likiachwa peke yake litanunua vipimo vichache kuliko inavyotakiwa. Hapa ndipo fedha ya umma ina kazi. Tangu msimu wa 2022/23 serikali imekuwa ikitoa ruzuku ya mbolea kwa wakulima waliosajiliwa. Ruzuku ndogo kwa vipimo vya wazalishaji wa mbegu za mihogo ingewafikia wakulima wengi kwa fedha kidogo, kwa sababu shamba moja lililopimwa hupanda 10, na hayo 10 msimu unaofuata hupanda 100.

Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 na Taasisi ya Kuthibitisha Ubora wa Mbegu, TOSCI, tayari vinatoa mfumo. Kuna madaraja ya mbegu kuanzia ile ya mtafiti hadi ile ya kuazimiwa ubora, inayozalishwa na wakulima waliosajiliwa na kukusudiwa kuuzwa karibu na inapozalishwa. Jambo la busara ni kuelekeza kipimo cha maabara katika madaraja ya juu, ambako mashamba ni machache, na kuachia madaraja ya chini ukaguzi wa macho wa mara kwa mara. Ukipima kizazi kimoja nyuma zaidi, Sh15 inakuwa Sh1.50 kwa pingili inayomfikia mkulima. Hata hivyo uhakika nao hupungua, kwa kuwa miti itakuwa imekaa msimu mzima shambani ikitembelewa na nzi weupe baada ya kupimwa.

Cheti, kwa maneno mengine, ni picha ya siku moja. Mnunuzi wa miti anapoonyeshwa karatasi anapaswa kuuliza ilipimwa lini, ni mimea mingapi iliyochukuliwa, na kama vilitafutwa virusi vya magonjwa yote mawili. Anapaswa pia kuuliza jani lilichumwa wapi kwenye mmea, kwani batobato huonekana zaidi kwenye majani machanga ya juu na michirizi ya kahawia kwenye majani yaliyokomaa ya chini. Aliyechuma ya juu pekee hakuupima mmea kwa haki. Na swali gumu kuliko yote ni nani aliyechuma. Muuzaji akijichagulia mwenyewe mimea 300 iliyostawi, maabara bora kuliko zote duniani haitamsaidia mnunuzi.

Mbegu safi isiyo na ukinzani nayo huchoka. Katikati ya miaka ya 2010, Chato na Mkuranga zilikuwa maeneo ya jaribio ambalo wanakijiji walikubaliana kung'oa mihogo yote ya zamani na kupanda kwa pamoja miti iliyopimwa virusi. Ni njia ngumu inayohitaji uongozi wa kijiji kuaminiwa, maana familia inaombwa kung'oa chakula kilichosimama. Bila kitu cha namna hiyo, mkulima mmoja aliyenunua mbegu iliyopimwa huku amezungukwa na mashamba yaliyougua, anaweza kuwa amejinunulia misimu miwili ya nafuu na si zaidi.

Hofu moja inafaa kuondolewa. Kutajwa kwa vinasaba huwafanya baadhi ya wakulima wadhani kipimo kinaibadilisha mbegu na kuwa ya uhandisi jeni, hasa baada ya mjadala wa mahindi ya majaribio ya Makutupora, Dodoma, yaliyoanza kupandwa mwaka 2016 na baadaye kusitishwa na wizara. Kipimo huchukua jani na kulisaga. Mti unabaki shambani kama ulivyokuwa.

Mchuuzi ananunua asichokiona

Kundi ambalo husahaulika katika semina za mihogo ni la wafanyabiashara wadogo. Wengi hununua shamba likiwa limesimama, kwa ekari au kwa matuta, kisha hung'oa kidogo kidogo kufuata soko la mjini. Anayenunua hivyo amenunua uozo wote uliomo bila kuuona. Ndiyo maana mchuuzi mzoefu hung'oa mashina matatu au manne pembeni, akikata mizizi vipande kabla ya kutaja bei. Muuzaji mjanja naye anajua ni upande upi wa shamba wa kumpitisha.

Matokeo yake ni kwamba bei ya eneo zima hushuka. Kwa kuwa mchuuzi hawezi kulitofautisha shamba safi na bovu, hutoa bei inayofidia hatari kwa mashamba yote, na mkulima mwenye mihogo mizuri hulipishwa kwa makosa ya jirani. Wakulima nao hujihami kwa kung'oa mapema, miezi sita hadi tisa, kabla uozo haujaenea. Kwa kufanya hivyo wanapoteza uzito wa mizizi, na wanapoteza kitu ambacho mhogo ulipewa heshima yake kwacho katika nchi ya Wanyamwezi, yaani kukaa ardhini kama akiba hadi miezi ya njaa kabla ya mavuno ya mahindi. Kaya ambayo haiwezi tena kuuacha mhogo ardhini inalazimika kuuza yote kwa wakati mmoja na wenzake, bei ikiwa chini, kisha kununua unga Januari bei ikiwa juu. Hasara hiyo haionekani katika takwimu za tani kwa ekari.

Kwa mchuuzi, kipimo cha PCR cha shamba la kung'oa hakina maana. Kisu kinatosha, mradi akitumie katikati ya shamba na si pembezoni tu. Faida yake ipo katika kujua wakulima waliopanda miti iliyopimwa na ni lini, na kuwa tayari kuwalipa zaidi kidogo. Siku bei itakapotofautiana, ndipo mkulima atakapokuwa na sababu ya kuilipia mbegu.

Udongo ni hadithi nyingine

Mwaka 2022 serikali iligawa kwa maofisa ugani pikipiki pamoja na vifaa vya kupima udongo. Baadhi ya wakulima wa bustani wanaolima nyanya kwa ajili ya soko la mjini wameelewa kuwa vifaa hivyo vitawaambia kama udongo wao una ugonjwa. Havifanyi hivyo. Vinapima tindikali na virutubisho, jambo lenye manufaa kwa mbolea, lakini bakteria wa mnyauko hawamo katika majibu yake.

Mnyauko huo, unaosababishwa na bakteria wa kundi la Ralstonia, huua nyanya, bilinganya, viazi mviringo na tumbaku, na karanga pia haziko salama. Kwa mkoa wa tumbaku na karanga si jambo dogo, maana anayefuatisha nyanya baada ya tumbaku akidhani amebadilisha mazao, kwa bakteria hajabadilisha chochote. Mahindi au mtama ungefaa zaidi.

Kupima udongo kwa vinasaba kunawezekana, lakini ni kugumu kuliko jani. Kinachoingia maabara ni chini ya gramu moja, wakati ekari ina mamia ya tani za udongo, na bakteria hukaa kwa mafungu. Mboji iliyomo kwenye udongo huzuia kimeng'enya kufanya kazi na kutoa jibu la "safi" lisilo la kweli. Kwa upande mwingine, vinasaba vya bakteria waliokwisha kufa hubaki udongoni kwa muda na vinaweza kutoa jibu la "mgonjwa" wakati hatari imepita. Kwa hiyo anayeuza kipimo cha udongo kwa mkulima mdogo na kumwahidi uhakika, anauza zaidi ya alichonacho.

Kwa mmea wenyewe ulionyauka, kipo kipimo kisichohitaji shilingi. Shina la nyanya lililonyauka likiwa bado kijani hukatwa karibu na ardhi, kipande cha sentimita kadhaa huning'inizwa ndani ya glasi ya maji safi, na huachwa bila kutikiswa. Kama ni bakteria hao, ndani ya dakika chache uzi mweupe kama maziwa utaonekana ukishuka kutoka kwenye mkato. Usipoonekana, mnyauko una chanzo kingine, mara nyingi kuvu au minyoo fundo, na hapo mkulima ang'oe mizizi aiangalie.

Kuhusu mihogo, mkoa una kituo cha utafiti cha TARI Tumbi, nje kidogo ya mji wa Tabora, na nchi ina Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na inayoongozwa na Ndunguru yuleyule wa karatasi za sampuli. Kituo cha mkoani hakihitaji kusoma vinasaba vyote vya kirusi. Kinahitaji kupokea sampuli zilizochumwa na mtu asiye muuzaji, kuzikausha au kuzikandamiza kwenye karatasi siku hiyohiyo, kuzituma pale zinapopimwa na kurudisha jibu kabla ya mvua za Novemba. Mzalishaji wa miti anayepata jibu Januari atakuwa amekwisha kuuza.